Lester Allan Pelton

Lester Allan Pelton (Vermilion, Ohio, 5 Septemba 1829 – Oakland, California, 14 Machi 1908) alikuwa fundi seremala na mvumbuzi wa Marekani. Anajulikana hasa kwa kubuni gurudumu la maji linaloitwa kwa jina lake, yaani gurudumu la Pelton au turbini ya Pelton. Hadi leo hiyo ni mojawapo ya aina kuu tatu za turbini za maji zinazotumika duniani kufua umeme, pamoja na turbini ya Francis na turbini ya Kaplan.

Pelton hakuwa mhandisi wa chuo. Alikuwa fundi wa migodini aliyejifunza kwa kutazama, kujaribu na kupima. Kazi yake yote inasimama juu ya jambo moja alilolielewa vizuri kuliko mafundi wengi wa wakati wake: maji yakiondoka kwenye gurudumu yakiwa bado na mbio, yameondoka na nguvu ambayo haikutumika. Kutokana na jambo hilo alibuni chombo kinachowezesha maji kidogo yanayoanguka kutoka juu sana kufanya kazi kubwa. Ndiyo sababu jina lake linahusu pia nchi za Afrika ya Mashariki, zenye mito mingi midogo inayoshuka kwenye kingo za Bonde la Ufa na za nyanda za juu.

Maisha ya awali

Pelton alizaliwa Vermilion, mji mdogo kando ya Ziwa Erie katika jimbo la Ohio, akakulia huko.

Mwaka 1848 dhahabu iligunduliwa California, upande wa pili wa bara la Amerika Kaskazini. Habari hiyo ilivuta watu wengi kutoka Marekani na nchi nyingine, na msafara wao unajulikana kama mbio za dhahabu za California. Mwaka 1850, akiwa bado hajafikisha miaka 21, Pelton naye aliondoka Ohio pamoja na vijana wenzake, wakavuka bara kwa njia ya nchi kavu.

Kama ilivyokuwa kwa wengi waliokwenda huko, hakupata utajiri. Kwa muda alijipatia riziki kwa kuvua samaki na kuwauza katika eneo la Sacramento. Baadaye, aliposikia habari za dhahabu katika milima ya Sierra Nevada karibu na Mto Yuba, alihamia huko na hatimaye kukaa Camptonville, kijiji cha wachimbaji. Huko aliacha kutafuta dhahabu kwa mikono yake, akawa seremala na fundi wa mitambo ya migodini. Alijenga na kutengeneza magurudumu ya maji pamoja na vinu vya kupondea mawe yenye dhahabu.

Migodi iliyohitaji nguvu

Ili kuelewa uvumbuzi wa Pelton ni lazima kujua hali ya migodi ya wakati huo. Wachimbaji wa kwanza waliokota dhahabu katika mchanga wa mito. Dhahabu hiyo rahisi ilipokwisha, kazi iligawanyika katika njia mbili.

Njia ya kwanza ilikuwa kubomoa vilima kwa maji. Maji yaliletwa kwa mifereji mirefu kutoka milimani, yakashushwa ndani ya mabomba ya chuma na kurushwa kwa kishindo kupitia mdomo mwembamba kama wa mpira wa zimamoto. Udongo uliporomoka na dhahabu ikachujwa. Njia hii iliharibu mazingira vibaya sana: tope lilijaza mito na kufunika mashamba ya wakulima wa mabondeni. Mwaka 1884 mahakama ilitoa hukumu iliyozuia kutupa tope hilo mitoni, na uchimbaji wa aina hiyo ukapungua sana.

Njia ya pili ilikuwa kuchimba mashimo marefu chini ya ardhi kufuata miamba yenye dhahabu. Mawe yaliyotolewa yalipondwa kwa nyundo kubwa za chuma zilizoinuliwa na kuangushwa mchana na usiku. Kazi hiyo ilihitaji nguvu nyingi, na vivyo hivyo kazi ya kupampu maji kutoka shimoni na kuvuta mizigo juu.

Injini za mvuke zingeweza kutoa nguvu hiyo, lakini zilikula kuni. Misitu iliyozunguka migodi ilikatwa, na kadiri miti ilivyosogea mbali ndivyo gharama ya kuni ilivyopanda. Kwa upande mwingine milima ilikuwa na maji, tena mifereji na mabomba yalikuwa yamekwisha jengwa. Swali lilikuwa namna ya kuyatumia vizuri.

Magurudumu ya zamani yaliyotumika kando ya mito mikubwa hayakufaa milimani. Yalihitaji maji mengi yanayoteremka polepole. Mafundi wa California walitengeneza magurudumu yao wenyewe, yenye vibao bapa kwenye ukingo, yakipigwa na mkondo mwembamba wa maji yaendayo kasi. Yalizunguka, lakini yalipoteza nguvu nyingi. Maji yaligonga kibao, yakatawanyika pande zote na kuondoka bado yakiwa na mbio. Hesabu za fizikia zinaonyesha kwamba gurudumu la namna hiyo haliwezi kupata zaidi ya nusu ya nguvu ya maji hata likitengenezwa kwa ustadi gani, na mengi yalipata chini ya hapo. Baadhi ya mafundi, akiwemo Samuel Knight, walianza kutumia vikombe badala ya vibao, na hali ikawa nafuu.

Uvumbuzi

Katika miaka ya 1870 Pelton alianza kushughulikia tatizo hilo kwa makini. Masimulizi ya namna alivyopata wazo lake ni zaidi ya moja. Inayojulikana zaidi ni kwamba siku moja alikuwa akitazama gurudumu la vikombe ambalo kabari yake ililegea, nalo likasogea kidogo pembeni kwenye mhimili. Mkondo wa maji haukupiga tena katikati ya kikombe bali karibu na ukingo wake. Maji yaliingia upande mmoja, yakazunguka ndani ya kikombe na kutokea upande wa pili. Badala ya kupungua mwendo, gurudumu likaenda kasi zaidi. Simulizi nyingine husema kwamba aliona jambo hilohilo pale mpira wa maji ulipompiga ng'ombe puani, maji yakagawanyika na kurudi nyuma. Simulizi hiyo ya pili hupendwa sana na watu, lakini ile ya gurudumu lililolegea inalingana zaidi na kazi yake ya kila siku.

Vyovyote ilivyokuwa, Pelton hakuishia kwenye kuona. Alitengeneza vikombe vya maumbo mengi tofauti, akavifunga kimoja baada ya kingine kwenye gurudumu la majaribio na kupima nguvu iliyotoka. Mwishoni alichagua umbo la vikombe viwili vilivyoungana ubavu kwa ubavu, katikati yake pakiwa na ukingo mkali uliosimama kama mgongo wa paa la nyumba. Mkondo wa maji hupiga moja kwa moja kwenye ukingo huo na kugawanyika sawasawa. Nusu moja huzunguka kushoto na nusu nyingine kulia, kisha maji hutoka pembeni yakiwa yamegeuzwa karibu kabisa kuelekea yalikotoka.

Inasimuliwa pia kwamba gurudumu lake dogo la majaribio lilitumika kuendesha cherehani ya mama mwenye nyumba alimopanga.

Gurudumu la kwanza la kazi liliwekwa katika mgodi wa Mayflower, karibu na Nevada City, mwaka 1878. Magurudumu yake yalisubiwa katika karakana ya chuma ya Nevada City. Mwaka 1879 mfano wake ulijaribiwa katika Chuo Kikuu cha California. Tarehe 26 Oktoba 1880 Pelton alipewa hataza ya serikali ya Marekani kwa uvumbuzi huo.

Namna gurudumu linavyofanya kazi

Siri ya kikombe cha Pelton inaweza kueleweka kwa mfano rahisi. Mtu akirusha bonge la tope kwenye mlango, tope hunata, na mlango husukumwa mara moja tu. Akirusha mpira wenye uzito na kasi ileile, mpira hugonga na kurudi, na mlango husukumwa karibu mara mbili, kwa kuwa umelazimika kuusimamisha mpira na kisha kuurudisha. Kibao bapa hufanana na mlango uliopigwa kwa tope. Kikombe cha Pelton huyarudisha maji kama mpira.

Jambo la pili ni mwendo wa gurudumu lenyewe. Tuchukue maji yanayotoka kwenye mdomo wa bomba kwa kasi ya mita 60 kwa sekunde. Kama vikombe vimesimama, maji yatarudi na kasi yake yote, na hakuna kazi itakayofanyika. Kama vikombe vinakimbia kwa mita 60 kwa sekunde, maji hayatavifikia kamwe. Lakini vikombe vikienda kwa nusu ya kasi ya maji, yaani mita 30 kwa sekunde, maji huingia ndani ya kikombe kwa kasi ya mita 30 ukilinganisha na kikombe, huzunguka, na kutoka kwa kasi hiyohiyo kuelekea nyuma. Kwa kuwa kikombe chenyewe kinakwenda mbele kwa mita 30, mwendo huo wa mbele na ule wa nyuma hufutana. Mtu aliyesimama kando ataona maji yakidondoka chini taratibu, kama yamechoka. Kasi yake yote imebaki kwenye gurudumu.

Kwa nini basi vikombe viwili na si kimoja? Kama maji yangerudishwa moja kwa moja, yangegongana na maji mengine yanayokuja. Kwa kuyagawa mara mbili na kuyatoa pembeni, njia hubaki wazi. Zaidi ya hayo, nusu ya kushoto na nusu ya kulia husukuma kwa nguvu sawa, hivyo mhimili hauvutwi upande mmoja.

Baadaye wahandisi wengine waliboresha umbo hilo. Mwishoni mwa karne ya 19 William Doble wa San Francisco alitengeneza vikombe vya duara-yai vyenye pengo dogo kwenye ukingo wa nje, ili kikombe kinachoingia kisikate mkondo wa maji kabla ya wakati wake. Vikombe vya kisasa vinafuata umbo hilo, lakini kanuni imebaki ileile ya Pelton.

Shindano la Grass Valley

Mwaka 1883 mgodi wa Idaho huko Grass Valley ulitaka kununua gurudumu bora kabisa, ukaandaa shindano kati ya watengenezaji. Kila gurudumu lilipewa maji na kupimwa nguvu yake. Gurudumu la Pelton lilipata ufanisi wa asilimia 90.2, na lililolifuata lilipata asilimia 76.5.

Tofauti hiyo ilikuwa na maana kubwa kwa wenye migodi. Kutoka mfereji uleule na bomba lilelile walipata nguvu zaidi bila kuongeza tone la maji wala gogo la kuni. Baada ya shindano hilo maagizo yaliongezeka haraka.

Mwaka 1888 ilianzishwa kampuni ya Pelton Water Wheel Company mjini San Francisco, karibu na bandari na viwanda vikubwa vya chuma. Kampuni hiyo ilichukua haki za uvumbuzi na kuuza magurudumu ya ukubwa mbalimbali, kuanzia madogo ya kuendesha mashine za karakana hadi makubwa ya migodini. Mojawapo ya makubwa zaidi liliwekwa katika mgodi wa North Star huko Grass Valley mwaka 1896. Kipenyo chake kilikuwa futi 30, yaani zaidi ya mita 9, na kazi yake ilikuwa kushindilia hewa iliyoendesha mashine za mgodi.

Wakati huohuo dunia ilikuwa inaingia katika zama za umeme. Gurudumu lililobuniwa kwa ajili ya kuponda mawe lilikuta kazi mpya. Lilizunguka haraka na kwa mwendo sawasawa, likafaa kuunganishwa na jenereta. Hivyo kabla Pelton hajafariki, jina lake lilikuwa limekwisha hama kutoka migodini kwenda katika vituo vya umeme.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1895 Taasisi ya Franklin ya Philadelphia ilimtunuku Pelton Medali ya Elliott Cresson, mojawapo ya tuzo za heshima za sayansi na ufundi nchini Marekani wakati huo. Aliishi miaka yake ya mwisho Oakland, ng'ambo ya ghuba ya San Francisco, akafariki huko tarehe 14 Machi 1908 akiwa na umri wa miaka 78. Alizikwa Vermilion, alikozaliwa.

Mwaka 2006, karibu miaka 100 baada ya kifo chake, aliingizwa katika orodha ya heshima ya wavumbuzi wa Marekani. Camptonville kuna mnara wa kumbukumbu yake.

Nafasi yake kati ya aina nyingine za turbini

Turbini ya maji ni mashine inayogeuza nguvu ya maji yanayoanguka au kutiririka kuwa mzunguko wa mhimili. Nguvu inayopatikana hutegemea mambo mawili: kimo ambacho maji yanaanguka, na wingi wa maji yanayopita kila sekunde. Kimo kikubwa na maji kidogo kinaweza kutoa nguvu sawa na kimo kidogo na maji mengi.

Mfano wa hesabu unaonyesha jambo hilo. Lita 100 za maji kwa sekunde zikianguka mita 200, kwa mtambo wenye ufanisi wa asilimia 80, hutoa kilowati 157 hivi. Ili kupata nguvu hiyohiyo mahali penye anguko la mita 10 tu, zitahitajika lita 2,000 kwa sekunde. Mashine ya kupokea maji ya aina ya kwanza haiwezi kufanana na ya aina ya pili, ndiyo maana turbini zina maumbo tofauti.

Turbini ya Pelton ni ya kundi linalotumia pigo la maji. Shinikizo lote la maji hugeuzwa kuwa kasi kwenye mdomo wa bomba, na gurudumu huzunguka katika hewa ya kawaida. Hutumika zaidi mahali penye anguko la mamia ya mita. Katika kituo cha Bieudron nchini Uswisi, kilichoanza kazi mwaka 1998, maji huanguka zaidi ya mita 1,800, na kila moja ya turbini zake tatu za Pelton inaweza kutoa zaidi ya megawati 400.

Turbini ya Francis ilitokana na kazi ya James Bicheno Francis, mhandisi mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi Lowell, Massachusetts, katikati ya karne ya 19. Hapa gurudumu limezama ndani ya maji yenye shinikizo. Maji huingia kutoka pembeni kupitia mabapa ya kuyaongoza, husukuma mapanga ya gurudumu na kutokea katikati kuelekea chini. Hufaa anguko la kadiri, nayo ndiyo inayotumika zaidi katika mabwawa makubwa duniani.

Turbini ya Kaplan ilibuniwa na Viktor Kaplan wa Austria mwanzoni mwa karne ya 20. Inafanana na rafadha ya meli, na mapanga yake yanaweza kugeuzwa kulingana na wingi wa maji. Hufaa mito mikubwa yenye anguko dogo.

Pamoja na hizo kuna aina rahisi zaidi kwa mitambo midogo, kama turbini ambayo maji hupita kati ya mapanga yake mara mbili, kwanza yakiingia na kisha yakitoka. Haifikii ufanisi wa zile kubwa, lakini ni nafuu kutengeneza na kutunza.

Gurudumu la Pelton Afrika ya Mashariki

Aina zote tatu kuu zinapatikana Afrika ya Mashariki, na kila moja imewekwa kulingana na umbo la nchi. Nchini Uganda, maji ya Ziwa Viktoria yanapoingia katika Mto Nile huko Jinja ni mengi sana lakini anguko lake si kubwa. Kwa hiyo kituo cha Owen Falls, ambacho sasa kinaitwa Nalubaale na kilifunguliwa mwaka 1954, kilipewa turbini za Kaplan. Nchini Tanzania, vituo vya mabwawa kama Kidatu na Mtera katika mto Ruaha Mkuu vinatumia turbini za Francis. Turbini 9 za Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, zenye uwezo wa megawati 235 kila moja, nazo ni za aina hiyo.

Mfano mkubwa wa kazi ya Pelton nchini Tanzania ni kituo cha Kihansi ya Chini, katika ukingo wa milima ya Udzungwa. Mto Kihansi si mkubwa, lakini maji yake hushuka mita 850 hivi kutoka kwenye bwawa dogo hadi kwenye turbini zilizomo ndani ya mwamba. Kwa kimo hicho, bila kuhesabu yanayopotea njiani, maji yangefikia kasi ya mita 129 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 460 kwa saa. Turbini tatu za Pelton, kila moja megawati 60, hufanya jumla ya megawati 180. Bwawa la Mtera ni kubwa mara nyingi kuliko lile la Kihansi, lakini kituo chake kina megawati 80 tu. Tofauti imetokana na kimo.

Kihansi pia inaonyesha upande mwingine wa kazi hii. Maji yalipoelekezwa kwenye mabomba, maporomoko ya mto yalipungukiwa na maji, na manyunyu yaliyolowesha korongo lake yakakoma. Katika manyunyu hayo waliishi vyura wadogo wa Kihansi, wasiopatikana mahali pengine popote duniani, ambao walikuwa wametambuliwa na wanasayansi katika miaka ya 1990 tu. Mwaka 2000 baadhi yao walipelekwa Marekani ili wazaliane katika hifadhi za wanyama. Korongoni iliwekwa mitambo ya kunyunyiza maji, lakini vyura waliobaki walipungua haraka, na ugonjwa wa ukungu wa vyura ulionekana kati yao. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba wametoweka katika makazi yao ya asili. Kizazi cha wale waliosafirishwa kilirudishwa Tanzania mwaka 2010, na kuanzia mwaka 2012 wengine walirejeshwa korongoni. Turbini ya Pelton haimalizi maji, kila tone linaloingia hutoka. Lakini hulihamisha tone hilo kutoka njia yake ya zamani, na viumbe walioitegemea njia hiyo hubaki bila maji.

Kwa maeneo ya pembezoni, uvumbuzi wa Pelton una maana nyingine. Uwanda wa juu wa Ufipa, katika mkoa wa Rukwa, uko kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, na pande zote mbili nchi inaporomoka kwa ghafla kuelekea maziwani. Mto Kalambo, unaopita mpakani mwa Tanzania na Zambia, una maporomoko ya zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja. Mito mingine ya uwanda huo, inayopita karibu na vijiji na miji kama Chala, Namanyere na Sumbawanga, ni midogo na hupungua sana wakati wa kiangazi. Hata hivyo kwa miaka mingi Sumbawanga ilitegemea majenereta ya dizeli na umeme ulionunuliwa kutoka Zambia.

Mitambo midogo ya maji si jambo geni katika eneo hilo. Misheni ya Kikatoliki ya Kaengesa, katika wilaya ya Sumbawanga, ilikuwa na mtambo wake tangu miaka ya 1960, na misheni nyingine za kusini mwa Tanzania kama Peramiho nazo zilijenga ya kwao. Mitambo hiyo ilitoa kilowati makumi tu, lakini zilitosha kwa hospitali, shule na karakana za misheni.

Mtambo wa namna hii una masharti yake. Maji lazima yawe safi, kwa sababu mchanga unaokwenda kwa kasi kubwa hukwangua vikombe na kuharibu ukingo wa kati, na ufanisi hushuka. Bomba lazima liwe imara, kwani shinikizo huongezeka kadiri linavyoshuka. Zaidi ya yote, chanzo cha maji lazima kitunzwe. Msitu wa juu ukikatwa, mto hufurika na kujaa tope wakati wa masika, kisha hukauka wakati wa kiangazi, na gurudumu husimama. California ya wakati wa Pelton ilijifunza jambo hilo kwa hasara, misitu yake ilipoliwa na injini za mvuke na mito yake ilipojaa tope la migodi.

Urithi

Pelton hakuwa mtu wa kwanza kurusha maji kwenye gurudumu, wala wa kwanza kutumia vikombe. Wenzake kadhaa wa California walikuwa wakitafuta njia ileile, na baadhi yao walikuwa karibu kuifikia. Alichowazidi ni kuuliza maji yanakwenda wapi baada ya kufanya kazi, na kuendelea kubadilisha umbo la kikombe hadi yalipoondoka bila nguvu yoyote ya maana. Umbo alilolipata mwaka 1878 kwa kazi za migodi bado linatambulika mara moja katika vituo vya umeme vya sasa, kuanzia milima ya Uswisi hadi ndani ya mwamba wa Kihansi.